Msuguano Una Kosa Gani?

Kisa hiki mafundi wa bodaboda wanakijua. Asubuhi pikipiki ilikuwa nzima. Jioni inapanda mlima wa Bugando jijini Mwanza ikiwa na abiria mmoja, injini inalia kwa nguvu, lakini tairi halifuati. Dereva anavuta mafuta, mlio unapanda, mwendo haupandi. Kijiweni wanamwambia klachi imekwisha. Fundi anauliza swali moja tu: umeweka oili gani? Kumbe jamaa amemwaga ya zamani akaweka ya gari dogo, ya bei kubwa, yenye sifa ya kupunguza msuguano.

Oili yenyewe haikuwa mbaya. Ilifanya kazi yake sawasawa, ila mahali pasipo pake. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda sahani za klachi zinaogelea katika oili ileile inayolainisha injini, na klachi inaishi kwa msuguano: sahani zisipokamatana, nguvu haifiki kwenye mnyororo. Oili za gari za kuokoa mafuta huongezewa kemikali, nyingine zenye molibdeni, ili vyuma viteleze. Ndiyo maana mwaka 1998 Wajapani walitoa viwango vya JASO kwa oili za pikipiki: MA kwa oili inayoiacha klachi ikamate, MB kwa ile yenye utelezi zaidi, inayofaa skuta ambazo klachi zake haziguswi na oili.

Swali hili la msuguano lina ndugu yake mkubwa katika falsafa ya dini. Mtu akiugua, akifiwa, akihangaika na riziki, huuliza kwa nini Muumba hakuyafanya maisha yawe mteremko. Kama anaweza yote na ni mwema, msuguano wote huu wa nini?

Mwaka 1966 majibu mawili yalitoka Uingereza, kila moja likipita njia yake. Kamati iliyoongozwa na Peter Jost ilikadiria kwamba viwanda vya nchi hiyo vingeokoa pauni milioni 515 kwa mwaka kama vingezingatia elimu ya msuguano, uchakavu na ulainishaji. Ripoti hiyo ndiyo iliyoipa taaluma jina la tribolojia. Mwaka huohuo mwanafalsafa John Hick alichapisha kitabu chake Evil and the God of Love. Kwa Jost msuguano ni hasara inayohesabika. Hick, akifuata fikra za Irenaeus, askofu wa Lyon katika karne ya 2, alishikilia kwamba dunia isiyo na kikwazo isingelea ujasiri wala huruma. Roho ya binadamu hukomazwa, haizaliwi imekomaa.

Injini haimpi yeyote kati yao ushindi wa moja kwa moja. Tazama namba za kwenye kopo. Kwa kiwango cha SAE, oili ya 0W-20 ikiwa kwenye joto la nyuzi 150 na kusagwa kwa kasi, mnato wake haupaswi kushuka chini ya milipaskali-sekunde 2.6, na wa 15W-40 haupaswi kushuka chini ya 3.7. Nyepesi huipunguzia kranki kazi na kuokoa mafuta. Nzito huacha utando mnene zaidi kati ya kranki na beringi. Mhandisi Mjerumani Richard Stribeck alionyesha mwaka 1902 kinachotokea katikati: utando ukipungua, msuguano hushuka, unashuka tena, halafu vyuma vinaanza kugusana na msuguano unapaa ghafla. Kwa hiyo oili yenye msuguano mdogo kabisa inaishi ukingoni mwa korongo. Injini iliyosanifiwa kwa 0W-20 inajua kutembea ukingoni hapo. Lori la Fuso la zamani lililojaa magunia, likipanda mlima wa Kitonga, halijui.

Kuna sehemu utando unashindwa hata ukiwa mnene, hasa pale meno ya kemshafti yanapokandamiza vali. Hapo kazi inaachiwa kiambato cha zinki na fosforasi kinachotiwa kwenye oili tangu miaka ya 1940, awali kikikusudiwa kuzuia beringi zisiliwe na asidi. Kinachokiamsha ni joto na msuguano. Vyuma vinapobanana ndipo kinapojenga ngozi ngumu mfano wa kioo, nyembamba kuliko sehemu moja ya elfu tano ya milimita. Ngozi hiyo inalika badala ya chuma, kisha inajengwa nyingine. Ulinzi unazaliwa na kero yenyewe! Hick angeupenda mfano huu. (Hata huo una gharama yake: fosforasi inaharibu kichocheo cha kusafisha moshi, hivyo oili nyingi za kisasa za magari ya petroli huwekewa kikomo cha asilimia 0.08.)

Lakini mfano unafika mahali unakwama. Ngozi inajengwa upya mradi kiambato hakijaisha. Chuma kilicholika hakirudi. Katika Biblia Ayubu alipata watoto wengine, na wale wa kwanza walibaki kaburini. Kusema mateso hukomaza ni kweli kwa aliyebaki kukomaa. Mtoto wa miezi minane aliyekufa kwa malaria amekomazwa nini? Hick mwenyewe aliliona pengo hilo, akasema safari ya roho lazima iendelee baada ya kifo. Hilo ni jibu la imani, hakuna kipimo cha gereji kitakacholithibitisha. Hata hivyo, afadhali yeye aliyekiri kwamba dunia hii peke yake haitoshi kulikamilisha jibu, kuliko wanaokwenda msibani na maelezo tayari mdomoni.

Gerejini, fundi anayejua kazi hahukumu kwa rangi ya oili. Weusi mara nyingi ni masizi tu, na oili imeyabeba kama ilivyotakiwa. Yeye anakata filta, anakunjua karatasi yake juani, anatafuta vimeremeto. Anapitisha sumaku. Vinavyonasa ni vya chuma, labda vya kemshafti, labda vya ringi. Vya rangi ya shaba havinasi, na huenda vimetoka kwenye beringi. Akiviona hivyo anamwita mwenye gari aje aangalie mwenyewe, kabla hajasema neno.