Amana Ndani ya Mshono

Anayejichomelea nyumbani bampa au keria ya gari la safari za porini ni fundi, mkaguzi na mteja kwa pamoja, na hapo ndipo swali la amana linapokuwa gumu. Mshono unaweza kung'aa juu ilhali ndani haukushika: moto ukiwa mdogo, au kutu isiposuguliwa, chuma kilichoyeyuka hukaa juu bila kupenya. Jicho halioni kasoro hiyo.

Kuhusu amana katika kazi ya chuma, Qurani, katika sura iitwayo Saba, inaeleza jinsi Daudi alivyolainishiwa chuma, akaamrishwa kutengeneza deraya na kupima sawasawa pete zake. Amri ya kutenda mema inafuata papo hapo, pamoja na ukumbusho kwamba Mungu anayaona matendo. Ukaribu huo una uzito mkubwa: kipimo sahihi kinaingia katika ucha Mungu.

Wapo wanaodai kwamba mwenye gari ana haki ya kujihatarisha. Kwa rafu ya vyombo, sawa. Lakini ndoano ya kuvutia ikikatika wakati wa kunasua gari topeni, huruka kama risasi na kumpata yeyote aliyesimama karibu. Kwa sehemu hiyo fundi mwaminifu huchomelea kwanza vipande vya majaribio, huvikunja mpaka mwisho, na mshono ukipasuka huanza upya.