Uso Uliobabuka kwa Jua

Novemba 2021, mjini Geneva, nyumba ya minada ya Phillips iliuza saa ya mkononi aina ya Omega Speedmaster iliyotajwa kuwa ya toleo la kwanza kabisa, lile la mwaka 1957. Bei ilipita faranga milioni 3.1 za Uswisi. Saa yenyewe ni ya chuma, haina dhahabu wala almasi. Kilichowatia watu wazimu ni uso wake. Ulitoka kiwandani ukiwa mweusi, na miaka ikaugeuza kahawia, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo. Aliyeshinda mnada alikuwa Omega mwenyewe, aliyeitaka kwa ajili ya makumbusho yake.

Miaka miwili haikuisha. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba saa ile ni ya kuungaunga: vipande vingi ni vya Omega kweli, lakini vimeokotwa huku na huko vikakusanywa katika mwili mmoja. Ikawatuhumu baadhi ya waliokuwa wafanyakazi wake.

Magazeti yaliandika habari ile kama kisa cha utapeli, na utapeli ulikuwemo. Ila ndani yake mna swali gumu kuliko la nani kamwibia nani. Saa ile ilikuwa inatembea. Uso ulikuwa wa kahawia kweli, na vyuma vingi vilikuwa vya umri uliodaiwa. Sasa uongo ulikuwa wapi? Jibu la haraka ni kwamba historia iliyouzwa haikuwa ya saa ile. Maana yake ni kwamba yule mnunuzi, na wote waliopandisha bei pamoja naye, walikuwa wananunua maisha ambayo chombo kimeyapitia, na chuma kilikuwa kifungashio tu.

Hapo ndipo anaposimama kila mwenye fedha anayesita mbele ya kabati mbili za kioo, moja ya saa mpya za kifahari, nyingine ya saa za zamani. Kwa hesabu ya Kariakoo, saa ya zamani ni mtumba: imevaliwa na mtu mwingine, ina mikwaruzo, haina dhamana, na pengine inachelewa dakika moja kwa siku. Mtumba huuzwa rahisi. Huu huuzwa mara kumi au mara mia ya bei yake ya dukani, na kasoro zake zinatangazwa kama sifa. Wakusanyaji huziita nyuso zile za kahawia za tropiki. Chanzo chake ni rangi ambayo haikuchanganywa sawasawa, ikashindwa kuhimili mwanga, joto na unyevu. Mhandisi wa mwaka 1957 angeona aibu. Na ni jambo la kuchekesha kidogo kwa watu wa mwambao, ambao jua limewababua mapazia, viti vya plastiki na picha za harusi bila mtu kuwaongezea senti.

Augustino, askofu wa Hippo aliyezaliwa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, aliligusa jambo hili zaidi ya miaka 1600 iliyopita bila kuwa na saa mkononi. Katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake anauliza inawezekanaje kuupima wakati, ikiwa uliopita haupo tena na ujao haujafika. Anachofikia ni kwamba vyote viwili vinaishi rohoni: uliopita kama kumbukumbu, ujao kama tarajio. Ukimsoma Augustino kisha ukasoma matangazo ya wauza saa, unaona wazi wanachofanyia biashara. Muuza saa ya zamani anauza kumbukumbu, tena aghalabu za watu wasiojulikana. Muuza saa mpya anauza tarajio. Patek Philippe wa Geneva wamejenga tangazo lao maarufu, lililoanza mwaka 1996, juu ya wazo kwamba mwenye saa huitunza tu kwa ajili ya kizazi kijacho. Picha ni ya baba na mwana, na yule mwana, kwa wanunuzi wengi, bado hajazaliwa.

Wakati wenyewe hauuzwi na yeyote kati yao. Huo ulishashuka bei tarehe 25 Desemba 1969, siku Seiko walipoiweka sokoni mjini Tokyo saa ya Astron, ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa madukani. Ilikosea kwa sekunde tano hivi kwa mwezi. Speedmaster ya leo, yenye mashine iitwayo 3861 na cheti cha taasisi ya vipimo ya Uswisi, inaruhusiwa kwenda mbele hadi sekunde tano kwa siku. Ni kazi ya ajabu kwa chombo cha springi na magurudumu, kinachostahimili sumaku ya gausi 15,000. Lakini saa ya betri ya shilingi elfu kumi, iliyotundikwa kwenye kamba ya mchuuzi, inaishinda kwa urahisi.

Kwa hiyo wanunuzi wote wawili, wa saa mpya na wa saa kuukuu, wanalipia kitu kingine, na wa saa kuukuu ndiye mwenye kazi ngumu zaidi ya kukieleza. Plutarch aliandika kwamba Waathene waliitunza merikebu ya Theseus kwa kung'oa kila ubao uliooza na kutia mpya, mpaka wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema ni ileile, wengine wakakataa. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza chumvi kwenye kidonda. Je, kama kuna mtu aliziokota zile mbao kuukuu, akazipanga upya kama zilivyokuwa? Sasa kuna merikebu mbili. Ipi ya Theseus?

Saa ya Geneva ni merikebu ya pili ya Hobbes, iliyotengenezwa kwa makusudi na kuuzwa kwa mamilioni.

Merikebu ya kwanza nayo ipo, tena ndiyo ya kawaida. Mtu anapeleka saa ya babu yake kwa watengenezaji ikafanyiwe huduma. Inarudi ikimeremeta: akrabu mpya, uso mpya, kioo kipya, ubavu umepigwa msasa mpaka pembe zimelainika. Inatembea vizuri kuliko ilivyotembea kwa miaka thelathini. Mkusanyaji akiiona anasikitika kana kwamba kuna msiba, kwa sababu kwake saa ile imekufa. Yule mwenye saa anashangaa, maana kwake ndiyo kwanza imefufuka. Nani yuko sahihi inategemea kama saa ni kitu kinachofanya kazi au ni ushahidi. Chombo cha kazi hutengenezwa, lakini ushahidi ukiusafisha umeuharibu.

Mafundi saa wa mitaani wamelijua hili muda mrefu bila kulifanyia mdahalo. Fundi aliyekaa barazani nyuma ya kimeza chake cha kioo, lenzi jichoni, akifungua mgongo wa saa ya zamani ya kutia ufunguo, mara nyingi hukuta upande wa ndani wa mfuniko mikwaruzo midogo midogo: tarehe, herufi mbili, namba. Ni alama za mafundi waliomtangulia. Kila mmoja aliifungua, akaisafisha, akatia mafuta, akakwaruza alama yake, akafunga. Wengine walibadilisha springi, mwingine alichonga skrubu kutoka kwenye waya kwa kuwa ya asili haikupatikana. Saa ya namna hiyo haina bei kwenye mnada wa Geneva, kwa vile vipande vyake vimechanganyika. Lakini ukitafuta maisha ya kweli ya chombo, yamo zaidi katika mfuniko ule kuliko katika saa iliyolala sandukuni miaka sitini bila kuguswa. Na hapa mantiki ya soko inajikwaa: linadai kuthamini umri, kisha linalipa zaidi kwa kitu ambacho umri haukukigusa, isipokuwa ule uso uliobabuka.

Watengenezaji nao hawakulala. Omega ilitaka kuirudisha mashine yake ya zamani iitwayo 321, ya ukoo uleule uliopanda mwezini na wanaanga wa Apollo. Ikaichunguza kwa mionzi, bila kuifungua, saa aliyoivaa Gene Cernan, binadamu wa mwisho mpaka leo kuondoka juu ya uso wa mwezi, katika safari ya Desemba 1972. Kutokana na picha zile wakachonga vipuri upya, na mwaka 2020 saa ya chuma yenye mashine hiyo ikaingia madukani. Makampuni mengine hupaka alama za kung'aa gizani kwa rangi ya manjano iliyofifia, ili saa iliyotoka kiwandani asubuhi ionekane imezeeka. Hili la pili linastahili kudharauliwa waziwazi. Uzee wa kupakwa ni uongo mdogo, na anayeuvaa anajua.

Upande wa dini, mjadala huu una mizizi yenye kejeli yake. Geneva ya karne ya 16, chini ya Jean Calvin, ilipiga vita mapambo. Wanahistoria wa ufundi huu hueleza kwamba masonara waliofungiwa mlango wa vito waligeukia saa, wakisaidiwa na Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, na mwaka 1601 mafundi saa wa mji huo wakaunda chama chao. Saa iliruhusiwa kwa sababu ilikuwa na kazi. Pambo liliingia kwa kujificha nyuma ya kazi, na mpaka leo halijatoka.

Mwaka 2012 kujificha huko kulishindikana hadharani. Tovuti ya Kanisa la Orthodox la Urusi ilikuwa na picha ya Patriaki Kirill akiwa amekaa kwenye meza iliyopigwa vanishi ikang'aa. Mkono wake haukuwa na kitu. Mezani, chini ya mkono, kivuli cha saa kilionekana wazi: mhariri alikuwa ameifuta saa ya Breguet, iliyokadiriwa kuwa ya dola elfu thelathini hivi, akasahau mwakisiko wake. Kanisa likaomba radhi.

Je, angevaa saa kuukuu ya bei ileile, kelele zingekuwa zilezile? Pengine zingekuwa ndogo. Huu ndio upendeleo wa saa ya zamani usiosemwa sana: humpa tajiri adabu ya bure. Saa mpya inasema nina fedha. Kuukuu inasema nina ujuzi, nina historia, sikuinunua kwa ajili yenu. Risiti zinaweza kulingana hadi senti ya mwisho. Mwaka 2009, mjini New York, vitu vichache vya Mahatma Gandhi, miongoni mwavyo miwani, makubadhi na saa yake ya mfukoni ya Zenith, viliuzwa kwa dola milioni 1.8. Aliyevinunua, akisema anavirudisha India, alikuwa Vijay Mallya, tajiri wa pombe. Gandhi alihubiri dhidi ya ulevi maisha yake yote. Unyenyekevu wa mtu mmoja uligeuka kuwa anasa ya mwingine, na saa haikubadilika hata skrubu.

Kuna hata hivyo alama ambazo thamani yake ni nyepesi kuitetea. Sultani Qaboos wa Oman, aliyetawala kuanzia 1970 hadi alipofariki Januari 2020, alikuwa akitoa saa kama zawadi, nyingine zikiwa Rolex zilizochapwa jambia la nembo ya taifa usoni. Baadhi ziliagizwa kupitia duka la Asprey la London, na miongoni mwa waliozawadiwa ni Waingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar. Qaboos ndiye aliyewaita nyumbani Waomani waliotawanyika, wakiwemo wale wa Unguja waliohama baada ya mapinduzi ya 1964, na ndiyo maana Kiswahili bado kinasikika Muscat. Leo saa yenye jambia huuzwa kwa bei kubwa mno kupita ndugu yake asiye nalo. Lile jambia ni ishara kwamba mtu fulani alimshukuru mtu fulani, na shukrani ni tukio lililotokea kweli. Anayelinunua bado hakushukuriwa yeye. Anachopata ni kukaa karibu na shukrani ya wengine.

Vivyo hivyo saa ya Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman. Mkewe Joanne Woodward aliichonga mgongoni maneno ya kumwomba aendeshe gari kwa uangalifu. Newman akampa James Cox, aliyekuwa rafiki wa bintiye Nell, mwaka 1984. Oktoba 2017 ikauzwa New York kwa dola milioni 17.75. Maneno ya mke kwa mume, yaliyochongwa mgongoni mwa saa ya mtu wa kawaida, yangeipunguzia bei.

Kwa anayetafuta saa ya kuvaa, hata hivyo, maamuzi yanashukia kwenye mambo madogo. Mpira wa kuzuia maji wa saa ya miaka ya sitini umekakamaa zamani. Mwenye kutia udhu mara tano kwa siku ataivua na kuivaa mara tano, na siku moja itadondoka juu ya sakafu ya msikiti. Mpya ataisogeza tu maji yapite chini yake. Saa nyingi nzuri za urithi za miaka ya hamsini ni za dhahabu, ambayo wanazuoni wa Kiislamu wanaiharamisha kwa wanaume, kwa hiyo mwana atairithi aiweke, au ampe dada yake. Huduma ya saa kuukuu ni ghali, na fundi anayeiweza huzeeka pamoja nayo.

Kijana wa miaka thelathini mwenye kazi ya mikono na fedha za kutosha afadhali achukue mpya, ya chuma, asiyoiogopa, aanze kuikwaruza kesho yake. Aliyeachiwa ya baba yake ametolewa kwenye mjadala: ampelekee fundi, amwambie aisafishe ndani na aache nje kama ilivyo.