Waragi wa Kulalia



Kuna baba mkimbizi anayenunua waragi jioni ili apate usingizi. Anaupata kweli. Saa tisa usiku anazinduka, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, anadhani vita vimemfuata. Mara nyingi ni pombe inayotoka mwilini: iliutuliza ubongo kwa nguvu, sasa ubongo unaamka na wasiwasi mkubwa kuliko wa jana. Basi jioni kipimo kinaongezwa.

Simwiti mlevi. Aliyekimbia vita vya Kivu, Kongo, usiku ana sababu ya kuogopa giza. Lakini hofu hiyo ina tiba nyingine: hapa hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale ulifanyika utafiti, ukachapishwa 2008, uliohusisha Wanyarwanda na Wasomali 277 walioteswa na kumbukumbu za vita. Washauri wao hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kwa majuma machache. Waliokaa nao wakasimulia yaliyowapata walipata nafuu zaidi kuliko waliofuatiliwa tu bila ushauri. Chupa haikuhitajika.

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake: anaweza kushikwa na degedege, hata kufa. Aanzie kituo cha afya, ataje kiasi anachokunywa bila kukipunguza (wahudumu wameshasikia makubwa zaidi). Hospitali ya rufaa ya Mbarara ina idara ya magonjwa ya akili. Nawe mama unayemfungulia mlango usiku, msindikize; sisi wanaume wengi hatufiki hospitali mpaka tushikwe mkono.