Haya ya Mwenye Kujua

Elimu haina mwisho. Walimu huyatamka sana maneno haya kuwahimiza wanafunzi, lakini ni nadra mwalimu kuyaelekeza kwa nafsi yake. Nataka kujiuliza hapa: mtu ajifunzaye maisha yake yote ana nguvu gani, na udhaifu wake uko wapi?

Nguvu zangu si nyingi, lakini nazijua. Nina subira ya kusoma. Naweza kukesha na neno moja nikitafuta asili yake. Nina kumbukumbu njema, na napenda kazi yangu. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba mwenye vipawa hivi hana adui katika elimu ila uzee na maradhi. Nilikosea.

Siku moja nilikuwa nikieleza darasani majira ya pepo za pwani: kaskazi, kusi, na demani, ambayo huja baina ya Agosti na Novemba, upepo wa kusi unapolegea. Nikaongeza kwamba neno demani halina maana nyingine. Kijana mmoja, mtoto wa baharia, akainua mkono akasema kwa adabu, "Niwie radhi, Mwalimu. Kwetu demani ni kamba ya tanga pia." Nikamjibu, "Hapa tunasoma lugha, hatusafiri baharini." Darasa likacheka. Kijana akaketi.

Usiku ule nilifungua kamusi, nikaikuta kamba ya tanga imeandikwa bega kwa bega na majira yangu.

Kwa juma zima nilinyamaza. Nilijitetea kuwa heshima ya mwalimu ni mali ya darasa zima, nayo ikivunjika wote hupata hasara. Lakini katika juma lile hapakuinuliwa mkono hata mmoja. Nikatambua kuwa sikumnyamazisha kijana mmoja. Niliwanyamazisha arobaini, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejinyima walimu arobaini. Kumbe kile nilichokijua ndicho kilichonizuia kujua zaidi. Mjinga huona haya kuuliza. Msomi huona haya kusahihishwa, na haya ya msomi ni nzito zaidi, kwa kuwa huvaa joho la heshima.

Hapo nilimkumbuka Julius Nyerere. Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Angaliweza kuiacha kazi ile ilivyo; cheo chake kingaliilinda. Lakini aliirudia, akaisahihisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtu aliyekuwa na dola nzima mikononi alipata nafasi ya kurudi katika sentensi zake mwenyewe. Watu walimwita Mwalimu. Kwangu mimi, katika jambo hili alikuwa mwanafunzi, na jina la kwanza halikupungukiwa kitu kwa sababu ya la pili.

Juma la pili nilisimama mbele ya darasa nikasema: "Nilikosea juu ya demani, na nilikosa adabu kwa mwenzenu. Namwomba radhi." Kisha nikamwomba kijana atueleze kazi ya kamba ile. Alieleza kwa ufupi, macho yake yakiwa chini. Sitadai kwamba mambo yalitengenea siku ile. Ulipita muda mrefu kabla hajainua mkono tena, na wengine hawakuinua kamwe. Kosa la dakika moja lilihitaji muhula mzima kuponywa, na sehemu yake haikupona.

Kwa hiyo, nikiulizwa leo nguvu ya mtu ajifunzaye daima ni nini, sitaitaja kumbukumbu wala subira ya vitabu. Nitasema ni kukubali kusahihishwa na aliye chini yake, mbele ya watu, na kushukuru. Nguvu hiyo bado sijaipata sawasawa. Najifunza.