Kuondoa Dhara Bila ya Kudhuru: Jawabu kwa Ndugu Yetu wa Matulo

 

Katika darasa yetu ilisomwa barua ya ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani kama sisi, aliyehamia Matulo, karibu na Webuye, kwa ajili ya biashara. Ndugu huyu ana kishamba nyuma ya nyumba yake, chenye mahindi, mchicha, migomba na mipera. Anasema kuwa nzi wadogo wanawauma wanawe mchana kutwa, miguuni na shingoni, hata watoto wakajikuna wakatoka vidonda. Na tumbili wanakuja kuvunja mahindi kabla hayajakomaa. Akataka shauri kwa watu, akapewa mashauri matatu. Wa kwanza alimwambia achome moto kichaka kilichoko bondeni. Wa pili alimwambia achanganye punje za mahindi na sumu ya duka, azimwage pembeni mwa shamba. Wa tatu ni mtu ajiitaye mwalimu, akamletea karatasi nne za kufukiwa katika pembe nne, na kuku mweusi wa kuchinjwa.

Ndugu yetu akalifuata shauri la pili. Asubuhi yake hapakufa tumbili hata mmoja. Walikufa kuku watatu na mbwa mmoja, wote wa jirani yake, bibi mtu mzima wa Kibukusu, mjane, asiyekuwa Mwislamu. Bibi yule alilia, akazika mbwa wake, na wala hakumshuku mtu. Ndugu yetu akanyamaza. Sasa anauliza: Je, ni halali kuwaua viumbe hawa waharibifu? Na je, yanilazimu kusema kitu, hali kuku ndio walioingia kwangu na mwenyewe hajui?

Barua ilipotajwa nzi, baadhi ya vijana wa darasa walicheka. Ilipofika kwa bibi na mbwa wake, hapana aliyecheka. Na mimi nilikumbuka kisa changu. Nilipokuwa mtoto wa chuoni nilitafunwa na chungu chini ya mwembe, nikachukua mafuta ya taa nikalitia moto tundu lao lote. Mwalimu wangu hakunipiga. Alinikalisha mbele yake akanisimulia Hadithi iliyoko katika Bukhari na Muslim, ya Nabii mmoja katika Manabii waliotangulia aliyeumwa na chungu, akaamrisha kijiji cha chungu kichomwe. Mwenyezi Mungu akamletea wahyi wa kumlaumu, kwa nini asimtendee yule mmoja tu aliyemuuma, akaangamiza umma mzima unaomsabihi Mola wake. Kisha mwalimu akaniuliza: “Waliokuuma walikuwa wangapi?” Sikuwa na jawabu.

Swali hilo ndilo msingi wa mas-ala yetu yote. Sharia haikumkataza mtu kujiondolea dhara. Mtume (S.A.W.) ameruhusu kuuawa panya, nge, kunguru, mwewe na mbwa mkali hata katika Haram ya Makka. Lakini amekataza kuuawa chungu na nyuki na huduhudi na ndege aitwaye surad, na amekataza kuuawa chura. Na katika Suratul An'aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kuwa kila mnyama atembeaye juu ya ardhi na kila ndege arukaye kwa mbawa zake ni umma mfano wetu sisi. Basi adhurie huondoshwa kwa kadiri ya dhara yake, na asiyedhuru haguswi. Na kuliko yote hayo, tuna kanuni iliyothubutu katika Hadithi, kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana.

Sasa, ili mtu aondoe dhara kwa kadiri yake, hana budi kwanza kujua dhara yatoka wapi. Na hapa wengi wetu twakosea, kwani tunapigana na nzi na chanzo chake tumekiacha mlangoni petu.

Wako nzi waumao wanaofanana sana na nzi wa nyumbani, nao huuma miguu. Hao huzaliana katika samadi iliyochanganyika na majani machafu yenye majimaji, na katika jaa lililooza. Mwenye nzi hawa hana haja ya sumu. Ana haja ya jembe na koleo. Na ayaondoe majani yaliyolowa, aianike samadi ikauke kabla ya kuitia shambani, na jaa alifukie. Wako mbu, nao hutaka maji yaliyotuama. Kopo moja lililosahauliwa chini ya mgomba latosha kuzaa mbu katika muda wa kama juma moja au siku kumi. Mwenye kumwaga maji hayo kila juma amewaua bila ya kuwagusa.

Na wako usubi. Hawa ni namna nyingine kabisa, kwani watoto wao hukaa katika maji yendayo mbio, wakajishika mawe na majani. Mto Nzoia, unaoshuka kutoka upande wa milima ya Cherangani, huteremka kwa nguvu katika maporomoko ya Nabuyole hapo Webuye, na maji ya namna hiyo ndiyo wayapendayo usubi. Basi kuchoma kichaka bondeni hakuwafikilii usubi hata kidogo. Atakayeungua ni ndege, kenge na vyura, ambao chakula chao ni hao hao wadudu. Dawa ya usubi ni kuwavika watoto nguo zenye mikono na miguu mirefu, na kuepuka kukaa karibu na maji nyakati wanapozidi.

Huenda ndugu yetu akaogopa, maana amesikia kuwa usubi hupofusha macho. Khofu hiyo ilikuwa na asili yake. Katika magharibi ya Kenya palikuwa na aina ya usubi, waitwao na wataalamu Simulium neavei, walioeneza maradhi ya upofu wa mtoni, hata watu wakahama mabonde mazuri, kama bonde la Kodera katika Nyanza ya Kusini. Wataalamu walitafuta watoto wa nzi hao mawene na majanini, wasiwaone. Ikajulikana mwaka 1950 kuwa hawakai maweni. Hujishika juu ya migongo ya kaa wa mtoni! Mito ikatiwa dawa ya DDT kwa vipimo na kwa siku maalumu, na kabla ya kumalizika miaka ya 1950 usubi hao walikwisha ondoshwa katika mito ya Kenya.

Tazameni, ndugu zangu. Watu wale walikuwa na dhara kubwa mbele yao, macho ya wanaadamu, na kanuni ya fiqhi yasema kuwa dhara kubwa huondolewa kwa kuivumilia ndogo. Tena walichunguza kwanza, wakapima, wakafuata mpango. Juu ya hayo yote, DDT yenyewe baadaye ilidhihirika madhara yake, hata mwaka 2001 mataifa yakapatana katika mji wa Stockholm kuizuia, isipokuwa kwa kupambana na wadudu waletao maradhi. Ikiwa dawa ya wenye ilimu na vipimo imehitajia kuzuiliwa, vipi mtu mmoja, kwa ghadhabu ya mahindi kumi, amwage sumu gizani asijue ataila nani?

Sumu haina macho. Haimjui tumbili na kuku. Na hapo ulipo, ndugu yetu, maji ya mvua yanapotoka shambani kwako huingia kijito, na kijito huingia Nzoia, na Nzoia hupita Mumias ikashuka hadi Bunyala na kumwagikia katika Ziwa Viktoria. Kule Bunyala, katika mashamba ya mpunga, watu walitumia sumu ya wadudu iitwayo Furadan kuwanasia ndege, kisha wakawauza ndege wale wakaliwa na watu. Mwaka 2009, baada ya kujulikana kuwa sumu hiyo yatumiwa hata kuulia simba, watengenezaji wake walianza kuiondoa katika maduka ya Kenya. Itokapo mkononi, sumu haina wa kuirudisha.

Na moto ni hivyo hivyo. Mtume (S.A.W.) alipoona kijiji cha chungu kilichochomwa na baadhi ya sahaba zake, alibainisha kuwa haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto ila Mola wa huo moto. Mambo haya yamo katika Sunan ya Abu Daud. Basi shauri la kwanza na la pili yote mawili hayafai.

Ama shauri la tatu ndilo baya zaidi. Kuomba dua ni ibada, na mkulima amwombe Mola wake asubuhi na jioni. Lakini kuziandika aya za Mwenyezi Mungu na kuzifukia katika udongo unaokanyagwa na mbwa na punda ni kuzivunjia heshima, na kuchinja kuku kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu ni shirki iliyo wazi. Katika Suratul Hajj, aya ya 73, tumepigiwa mfano kwamba hao waombwao kinyume cha Mwenyezi Mungu hawawezi kuumba hata nzi, wajapokusanyika wote. Na nzi akiwanyang'anya kitu hawawezi kukirudisha. Je, atakukinga na nzi mtu ambaye hawezi kuchukua tena alichonyang'anywa na nzi?

Basi afanye nini na tumbili? Afanye kama walivyofanya wazee wetu wa pwani, ambao walijenga dungu wakaamia mashamba yao. Mahindi yapandwe karibu na nyumba, mbali na miti wanayorukia, na wakati wa kukomaa pawe na mtu wa kulinda. Na kufuga mbwa wa kulinda shamba kumeruhusiwa katika Hadithi sahihi, pamoja na mbwa wa mifugo na wa kuwinda; ila sisi tulio katika madhehebu ya Imam Shafi twajua kuwa chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Tumbili wakizidi, ziko sharia za nchi za mwaka 2013 juu ya wanyama wa mwitu, na liko Shirika la Wanyamapori la kupelekewa habari. Na hicho kidogo watakachokula baada ya juhudi yote hakikupotea, kwani Mtume (S.A.W.) ametubashiria kuwa Mwislamu hapandi mti wala hapandi mbegu, akala humo ndege au mtu au mnyama, ila huwa ni sadaka yake.

Wala tusiwacheke watu wa bara, sisi wa mijini. Kunguru hawa wanaotunyang'anya samaki Mombasa na Unguja ni kunguru wa Kihindi, walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Waliletwa kwa taka zetu, na kwa taka zetu wanazidi. Kumuua kunguru kumeruhusiwa; lakini mwenye kumwaga matumbo ya samaki njiani, kisha akalalamika kwa kunguru, na ajilaumu nafsi yake kwanza.

Yabakia mas-ala ya jirani, nayo ndiyo mazito. Ndugu yetu ameandika kuwa kuku ndio walioingia kwake. Na asikize hukumu ya Mtume (S.A.W.). Ngamia wa al-Baraa bin Azib aliingia katika bustani ya watu akaharibu, na Mtume akahukumu kuwa wenye mashamba wayalinde wao wakati wa mchana, na wenye wanyama wawalinde wanyama wao wakati wa usiku. Kuku hutembea mchana. Kulinda shamba ilikuwa juu yako wewe. Nawe hukulinda; ulitega mauti mahali unapojua kuwa kuku na mbwa wa jirani hupita. Kwa hivyo dhamana ni juu yako: wakadirie kuku watatu thamani yao, umlipe.

Na mbwa je? Wanavyuoni wa madhehebu yetu hawamkadirii mbwa thamani. Lakini huyo alikuwa mlinzi wa mjane aishie peke yake usiku. Ukimnyima mjane mlinzi wake, kisha ukajificha nyuma ya mas-ala ya fiqhi, hujaifahamu fiqhi. Mtafutie mbwa mwingine, au umtengenezee ua wake, mpaka roho yake iwe radhi.

Unasema kuwa hajui. Yuko ajuaye. Wala usidhani kuwa kwa vile si Mwislamu haki yake ni nyepesi. Jirani ni jirani, na haki ya mja haisamehewi ila na mja mwenyewe. Nenda kwake mchana, ubishe hodi, umwambie: “Mama, ni mimi.” Huenda akakukasirikia. Mvumilie. Huenda vile vile akakuonyesha namna watu wa hapo walivyoishi na usubi na tumbili hao kabla yako, kwani yeye ni mwenyeji na wewe ni mgeni. Na hakuna mahubiri ya Uislamu yatakayomfikia bibi yule yenye nguvu kuliko Mwislamu aliyekuja mwenyewe kukiri kosa ambalo hapana aliyelijua.

Nawe msomaji, kabla hujalikunja karatasi hili, toka uani kwako utazame. Liko kopo la maji? Liko jaa lililooza? Iko sumu uliyoiweka ukasahau? Anza na hayo leo, kabla ya kumtafuta wa kumlaumu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuondolee madhara, na atulinde sisi wenyewe tusiwe madhara kwa viumbe vyake. Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.