Mpangile, mwana wa Munyigumba

Ukifika Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, utaonyeshwa fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndani ya kioo. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilirudishe, lakini ni mwaka 1954 tu ndipo Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa Wahehe. Mjukuu aliyelipokea, Chifu Adam Sapi Mkwawa, baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Habari za ukoo huo zinajulikana. Anayenikosesha usingizi mimi ni Mpangile.

Naye alikuwa mwana wa Munyigumba, ndugu wa Mkwawa: mwenye damu ya utwa, yaani uchifu, lakini asiye na kiti. Agosti 1891 Wahehe waliwapiga Wajerumani pale Lugalo na kumwua kamanda wao, Zelewski. Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka, Mkwawa akaingia porini. Wajerumani wakatafuta mtu wa kukaa mahali pake, na Desemba 1896 afisa wao, Tom von Prince, akamtawaza Mpangile. Februari 1897, Prince huyohuyo akamnyonga. Doria za Wajerumani zilikuwa zikiendelea kushambuliwa, wakamtuhumu kwamba anamsaidia nduguye kwa siri.

Kama tuhuma ile ilikuwa ya kweli, Mpangile alikuwa ndugu mwaminifu aliyekubali cheo cha adui ili amkinge mwenzake. Kama ilikuwa ya uongo, basi aliwaamini wageni, nao wakamwua. Yaani ili tumsafishe mbele ya Wahehe, hatuna budi kukubali kwamba waliomnyonga walisema kweli. Ni jambo zito kwa marehemu, heshima yake kushikiliwa na kinywa cha muuaji wake.

Mizani hiyo siikubali. Inampima mtu kwa swali moja tu, alikuwa upande wa nani, kana kwamba maisha yake yote yalikuwa maelezo ya pembeni katika maisha ya Mkwawa. Ninavyoamini mimi, mtu aweza kukubali utwa kwa nia njema kabisa, ili watu walime na watoto wale, na bado ashindwe kumtoa mwana wa baba yake. Nia zote mbili zaweza kukaa katika moyo mmoja bila mojawapo kuwa ya uongo. Vita ndivyo visivyoruhusu.

Sisi wa Mbeya tungepaswa kulielewa hili upesi. Merere, mtwa wa Wasangu wa huku kwetu, alisimama na Wajerumani dhidi ya Wahehe, na Wasangu wakarudi Utengule, walikokuwa wamefukuzwa. Jambo hilo ukilitazama kutoka Kalenga ni kuungana na adui. Ukilitazama kutoka Utengule ni kurudi kwenu. Merere alikuwa na mahali pa kusimama. Mpangile alikuwa katikati, na pale katikati hapakuwa na ardhi.

Kichwa cha Mkwawa kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000. Julai 1898, alipozingirwa Mlambalasi, alijipiga risasi mwenyewe, akawanyima Wajerumani nafasi ya kumkamata akiwa hai. Tunamheshimu kwa uamuzi huo, na ni haki yake. Mpangile hakuachiwa hata uamuzi wa namna ya kufa. Ila ile miezi miwili ya utwa aliiishi yeye, akilala na kuamka kati ya boma na pori, na humo ndani alikuwa akiamua kila siku.