Kinjia Kiendacho Kaburini



Mume au mke akifariki, nyumba haizikwi pamoja naye. Kiti chake kipo, jembe lake limeegemea ukutani, kanga yake ingali sandukuni. Wengine humwambia mfiwa: “Viondoe vyote, upate kusahau.” Je, Mkristo amekatazwa kukumbuka? Hasha!

Yakobo alifiwa na Raheli safarini, njiani kwenda Efrata. Hakuweza kukaa pale, maana msafara ulimngoja. Lakini kwanza alisimamisha nguzo juu ya kaburi la mkewe. Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa huko Misri, bado alimsimulia Yosefu habari za kaburi lile.

Sisi tulio Ipuli, hapa Tabora, twajua mambo ya misafara. Hapo Kwihara, jirani yetu, David Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja wapagazi. Alikuwa mgane tangu miaka 10: mkewe Mary alifariki tarehe 27 Aprili 1862, akazikwa Shupanga, karibu na mto Zambezi, chini ya mbuyu. Mwaka 1868, msituni katika nchi ambayo leo ni Zambia, Livingstone alilikuta kaburi la mtu asiyemjua. Lilikuwa limenyunyiziwa unga na kuwekwa shanga za buluu, na kinjia kidogo kilionyesha kwamba lina wageni. Katika kitabu chake cha safari akaandika habari zake, na papo hapo akamtaja Mary.

Tukitazame kinjia kile. Njia ni ya kupita, si ya kulala. Ndivyo vilivyo vitu vya marehemu. Ukiishika rozari yake, usiishie katika machozi. Isali kwa ajili ya roho yake. Ukikiona kiti chake, kumbuka kumwombea katika Misa. Nguo zake wavike maskini, zipate kumsimulia wema wake, kama nguo za Dorkasi ambazo wajane wa Yopa walimwonyesha Petro huku wakilia.

Nanyi ndugu wa marehemu, sikieni. Matanga hayajaisha, nanyi mmekwisha kubeba kitanda, baiskeli na cherehani! Hamkuchukua mali tu. Mmemnyang’anya mjane faraja yake, na watoto ukumbusho wa baba yao. Rudisheni, kwa maana Mungu husikia kilio cha mjane.

Apendaye hasahau, naye aaminiye hakati tamaa. Mwenyezi Mungu awapumzishe marehemu wetu, atukutanishe nao mbinguni.